Fundi wa nyumbani unayeshonea duka: udai ajira, uandikishane mkataba au muunde kikundi?

Kiroba huletwa na bodaboda saa mbili usiku. Ndani yake mna sketi 60 za sare, za marinda, zimeshakatwa na kufungwa kumi kumi kwa vipande vya kitambaa hichohicho. Salamu ni fupi: "Tajiri anasema Ijumaa." Uzi ni wako, sindano zako, umeme wa LUKU wako, na cherehani uliinunua kwa pesa ya mchezo. Ijumaa unarudisha sketi 60 zilizopigwa pasi. Pesa inakuja nusu, na nusu nyingine "shule hazijalipa." Ukiuliza mara ya tatu unajibiwa maneno ambayo mafundi wa Mbagala, Buguruni na Manzese jijini Dar es Salaam wameyazoea: wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni fundi wa nje.

Nimeshona hivyo miaka tisa kabla ya kuwa msaidizi wa kisheria katika kata yetu. Akina mama wanaokuja kwangu hawaulizi kama wameonewa, hilo wanalijua. Wanauliza washike njia ipi. Njia zilizopo ni tatu: kudai kwamba wewe ni mfanyakazi na sheria za kazi zikuhusu, kukubali kuwa fundi huru lakini kwa mkataba ulioandikwa, au kuungana na wenzako kwenye kikundi au ushirika. Nitazilinganisha kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nitazigusa mbele, kwa sababu zina sheria zao.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni pesa, na hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Kupata pesa ya kazi uliyokwisha kuifanya ni jambo moja. Kupandisha bei ya kipande ni jambo jingine kabisa, na njia inayosaidia hili huenda isisaidie lile.

La pili ni ushahidi: utatakiwa uonyeshe nini, na je, unacho? La tatu ni siku ambazo huwezi kukaa kwenye cherehani, yaani uzazi, ugonjwa, macho yakichoka, uzee. La nne ni gharama na muda. La tano ndilo linalowanyamazisha wengi, nalo ni oda. Ukidai leo, kesho kiroba kitakuja?

Kabla ya yote, tuelewane juu ya jina. Ukisema "kazi za nyumbani" watu wanafikiria dada wa kazi anayefua na kupika kwa watu. Huyo ana mambo yake. Hapa namsema anayeshona nyumbani kwake, kwa ajili ya mtu mwingine anayeamua kishonwe nini na kwa bei gani. Shirika la Kazi Duniani lilimtambua mshonaji huyu mwaka 1996 kwa Mkataba Namba 177, unaotaka atendewe sawa na wafanyakazi wengine kwenye malipo, usalama, uzazi, hifadhi ya jamii na haki ya kujiunga na chama. Mkataba huo unasema jambo ambalo ningependa kila fundi alijue: haijalishi nani ametoa vifaa. Kumiliki cherehani hakukufanyi tajiri wa mtu. Nchi zilizouridhia ni chache, na Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo hapa tunatumia sheria tulizonazo, na zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Njia ya kwanza: kudai kuwa wewe ni mfanyakazi

Msingi wake ni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Kinasema anayemfanyia mwingine kazi au huduma atachukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wao umekaa kwa sura gani, endapo lipo hata jambo moja kati ya saba. Namna unavyofanya kazi inaelekezwa na mwenzako. Saa zako zinaamuliwa naye. Wewe ni sehemu ya shughuli zake. Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Unamtegemea kiuchumi. Amekupa vitendea kazi. Au unamfanyia kazi yeye peke yake.

Soma tena: hata moja. Nimewaona mafundi wakikata tamaa kwa sababu cherehani ni yao, wakadhani wameshaanguka. Cherehani ni jambo moja tu kati ya hayo saba. Chukua lile la saa. Saa 45 kwa mwezi ni saa moja na nusu kwa siku. Sketi ya marinda yenye zipu, kwa mkono wangu, ilinichukua kama dakika 40. Sketi 60 ni saa 40. Yaani kiroba kimoja tu karibu kinajaza kipimo cha mwezi mzima, na msimu wa shule kufungua Januari, au Julai, viroba huja kila wiki.

Lakini dhana hiyo, kwamba wewe ni mfanyakazi, inaweza kupinduliwa. Tajiri anaweza kuleta ushahidi kwamba unashonea maduka manne, una wasaidizi unaowalipa, unakataa oda ukipenda na unapanga bei mwenyewe. Kama hayo ni kweli, njia hii si yako na ni afadhali ulijue mapema.

Kwenye pesa, ukikubaliwa kuwa mfanyakazi unafika mbali. Kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa na serikali kinakuwa ngazi ambayo malipo yako hayapaswi kushuka chini yake, hata kama mnahesabiana kwa kipande. Kwenye siku za kutoshona ndipo njia hii inaziacha nyingine nyuma kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri ndiye anayebeba angalau nusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, na ndio unaomhusu fundi aliyechomwa na sindano ya mashine mpaka kwenye mfupa. Ukishaajiriwa zaidi ya miezi sita, kuachishwa kazi bila sababu ya haki na bila utaratibu kunaweza kupingwa.

Ushahidi: hapa sheria imekuegemea zaidi ya unavyotarajia. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Hata hivyo usiende mikono mitupu. Mimi nilikuwa na daftari la kawaida la kurasa 96, nimelichora safu sita kwa rula: tarehe, vilivyoletwa, vilivyorudi, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Pembeni niliacha nafasi ya saini ya bodaboda aliyebeba mzigo. Alikuwa anashangaa mwanzoni, baadaye akazoea, akawa anaidai kalamu mwenyewe. Ongeza ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, na sauti na maandishi ya WhatsApp ambamo tajiri anasema "ongeza upana wa pindo" au "Ijumaa lazima." Ujumbe wa namna hiyo unaonyesha anayeelekeza kazi ni nani. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa kisheria, ila simu ikiibiwa ushahidi umepotea nayo. Watumie nakala watu wawili unaowaamini.

Gharama ni ndogo na muda ni mkali. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba moja ya Tume, na kufungua shauri ni bure. Kama unapinga kuachishwa kazi una siku 30. Kwa madai mengine, kama malipo yaliyobaki, ni siku 60. Baada ya hapo kuna usuluhishi unaotakiwa kuisha ndani ya siku 30, na usipofanikiwa mnaenda kwenye uamuzi. Nimemwona jirani yangu akipoteza dai zuri kwa adabu tu. Tajiri alimwambia "baada ya Idi," akasubiri. Idi ikapita, akaambiwa "mwisho wa mwezi," akasubiri. Alipokuja kwangu siku zilikuwa zimeshavuka 60. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya msingi, na "aliniahidi" ni sababu dhaifu.

Na oda? Nitasema wazi: ukimpeleka tajiri CMA, mara nyingi hiyo ndiyo oda yako ya mwisho kwake. Ndiyo maana wengi wanaoshika njia hii ni wale ambao tayari wameachwa. Australia imelitazama tatizo hili kwa namna nyingine. Sheria yao ya Fair Work inawachukulia washonaji wa nyumbani kama wafanyakazi kwa mambo mengi, na tangu mabadiliko ya 2012 mshonaji anaweza kudai malipo yake hata kwa waliokaa juu zaidi kwenye mnyororo wa oda. Thailand nayo ilitunga sheria ya mwaka 2010 mahususi kwa wanaofanyia kazi nyumbani, inayomtaka mtoa kazi ampe mshonaji hati ya maandishi. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Duka likikukataa, huwezi kuruka moja kwa moja kuidai shule iliyoagiza sare.

Inamfaa: anayeshonea tajiri mmoja tu, kwa muda mrefu, kwa maelekezo yake, hasa mjamzito, mgonjwa au aliyeachishwa. Haimfai sana mwenye wateja wengi.

Njia ya pili: mkataba wa maandishi kama fundi huru

Wapo wanaoiona njia hii kama kushindwa. Mimi siioni hivyo. Fundi mwenye wateja watatu, anayejipangia saa zake, ana haki ya kubaki huru na bado alipwe kwa wakati.

Kwa Sheria ya Mikataba, hata makubaliano ya mdomo ni mkataba. Tatizo la mdomo ni kwamba mkigombana kila mmoja anakumbuka bei yake. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, yenye saini mbili na shahidi. Iseme bei kwa kipande, idadi, nani analeta uzi na zipu, mzigo unakabidhiwa lini, na pesa inalipwa siku gani kwa kuhesabu tangu kukabidhi. Usikubali maneno "baada ya kuuzwa." Sketi ikishatoka mikononi mwako, kuuzwa kwake ni biashara ya duka.

Sehemu inayoumiza zaidi ni kitambaa kilichoharibika. Nilishawahi kukatwa bei ya sketi nane kwa madai kwamba marinda hayakulala sawa, na sketi hizohizo nikazikuta zinaning'inia dukani kwa bei kamili. Tangu siku hiyo nilianza kudai sampuli: kipande kimoja kilichoshonwa, tumekubaliana ndicho kipimo, kinakaa kwangu mpaka malipo yaishe. Andika kwamba chenye kasoro utapewa nafasi ya kukirekebisha kabla ya kukatwa chochote, na kwamba kosa la ukataji si lako kama kilikuja kimekatwa.

Weka na muda wa kutosha. Tarehe fupi ndiyo inayowaingiza watoto kazini: mmoja anakata nyuzi, mwingine anashona vifungo, saa nne usiku, na kesho ana shule. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia masomo. Hakuna mkaguzi atakayegonga mlango wako usiku. Ni wewe na tarehe uliyoikubali.

Kwenye pesa, mkataba unakulinda kwa ile uliyokwisha kuifanyia kazi. Ukidhulumiwa unadai deni mahakamani, kwa kawaida kuanzia mahakama ya mwanzo, na muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6. Ukilinganisha na siku 60 za CMA, ni nafasi kubwa. Kuna ada ya kufungua shauri na kuna safari, na kwa deni la shilingi elfu themanini wengi huona hailipi. Lakini barua ya madai yenye nakala ya mkataba, iliyoandikwa vizuri, imewahi kuwatosha wengi niliowasaidia bila kufika mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia bila malipo wasio na uwezo.

Mkataba haupandishi bei wenyewe. Kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kusaini. Tuchukue mfano wa bei ya 2,000 kwa sketi. Sketi 60 ni shilingi 120,000. Tuseme uzi, umeme, sindano na nauli ni 18,000. Zinabaki 102,000 kwa saa 40, yaani 2,550 kwa saa. Ukiwa na namba hiyo kichwani unajua ukishushwa mpaka 1,500 unabaki na kiasi gani, na unaongea na tajiri kwa hesabu badala ya kuomba.

Kwa siku usizoshona, mkataba wa namna hii haukupi chochote. Hakuna likizo, hakuna uzazi, hakuna fidia. Hilo ndilo pengo lake, na nitalirudia hapo chini. Kwa upande wa oda ndiyo njia yenye hatari ndogo, kwani tajiri mwenye nia njema naye anaipenda karatasi. Akiikataa kabisa, amekwambia kitu.

Angalizo moja. Tajiri akikuletea karatasi yake inayosema "huyu ni mkandarasi huru, hana madai yoyote ya ajira," na huku unamshonea yeye peke yake kila siku, usidhani karatasi hiyo imefunga mlango wa CMA. Sheria inasema bila kujali sura ya mkataba. Inatazama kinachofanyika.

Inamfaa: mwenye wateja zaidi ya mmoja, anayepanga bei na saa mwenyewe, au anayeanza na duka jipya na hajui tabia zake.

Njia ya tatu: kikundi, ushirika, chama

Mwaka 1972, mjini Ahmedabad nchini India, Ela Bhatt aliwakusanya wanawake wanaojitegemea, wakiwemo washonaji wa nyumbani, wakaunda chama chao, SEWA. Msajili aliwakatalia mwanzoni: chama cha wafanyakazi kitakuwaje cha watu wasio na mwajiri? Wakajibu kwamba chama ni kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi, hata kama hakuna wa kupambana naye. Wakasajiliwa, na 1974 wakaanzisha benki yao. Nawasimulia akina mama habari hii kila mara kwa sababu swali la msajili yule ndilo wanalojiuliza wenyewe.

Kwenye bei, hii ndiyo njia inayogusa mzizi. Fundi mmoja akikataa 1,500, kiroba kinahamia nyumba ya pili. Mafundi kumi na tano wa mtaa mmoja wakisema hapana, tajiri anakaa chini, hasa Desemba anapokimbizana na Januari. Na kuna zaidi ya kujadiliana na duka: kikundi kinaweza kulipita duka. Sheria za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na maombi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao. Kazi ya sare, mashuka ya zahanati au mapazia ya ofisi inaweza kuja kwenu bila mtu wa kati.

Mtaji nao upo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 baada ya kasoro nyingi, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mashine ya ovaloki ambayo peke yako hungeiota, kikundi kinaweza kuinunua.

Ushahidi unaohitajika ni wa aina nyingine: katiba, orodha ya wanachama, mihutasari ya vikao, akaunti ya benki. Muda ni mrefu na uvumilivu mwingi. Ukitaka kusajili ushirika kamili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, taratibu zinaongezeka. Na ukweli wa vikundi tunaujua sote: mwekahazina anayehama na daftari, mwanachama anayechukua mkopo na kuzima simu huku wenzake wakibaki kulipa. Pesa isitoke kwa saini ya mtu mmoja, na hesabu zisomwe kila mwezi mbele ya wote, hata kama ni za shilingi elfu kumi.

Kwa uzazi na ugonjwa, kikundi kinatoa kile mtakachojiwekea. Mfuko wa jamii wa kuchangiana husaidia msiba na kujifungua, ila haufanani na siku 84 zenye malipo. Kwa oda, hatari yake inagawanyika. Tajiri anaweza kumwacha mmoja, ni vigumu kuwaacha wote.

Kama wengi wenu mnamshonea tajiri mmoja na mna sifa za wafanyakazi, kuna mlango mwingine wa umoja: kujiunga na chama cha wafanyakazi kama TUICO, kinachohusika na viwanda na biashara. Hapo njia ya kwanza na ya tatu zinakutana.

Inawafaa: wanaokaa karibu, wanaojuana tabia, na walio tayari kungoja mwaka mmoja au miwili kabla ya kuona faida.

Kitu kisichongoja njia yoyote

Ukiwa fundi huru au mwanakikundi, unaweza kujisajili mwenyewe NSSF kama mchangiaji wa sekta isiyo rasmi na kuchangia kidogo kidogo kwa simu. Utabeba mchango wote, ndiyo tofauti yako na mwajiriwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeweka msingi wa bima kwa watu wote, hata wasio na mwajiri. Nimemwuguza mama yangu aliyeshona miaka thelathini na kuacha kwa sababu ya macho, bila pensheni wala bima. Tafadhali, hata kama hujachagua njia, anza hapa.

Zanzibar na Kenya

Anayeshona Unguja au Pemba yuko chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. CMA ya Bara haimhusu. Nawafikiria hasa wanaotunga kofia kwa mkono, vitobo vidogo vidogo kwa wiki nyingi, kofia ambazo nyingine huishia vichwani mwa watu Oman. Kwao bei ya kipande na muda wa malipo ni jambo kubwa kuliko saa, kwa hiyo njia ya pili na ya tatu ndizo ninazozisikia zaidi.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaitambua kwa jina kazi inayolipwa kwa kipande na inaeleza lini malipo yake yanakuwa yameiva. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anageuka kuwa mwajiriwa wa masharti ya kudumu zaidi. Kwa anayedai kama fundi huru, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huo ni wepesi ambao sisi wa upande huu tungeutamani. Zabuni za serikali nako zina asilimia 30 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa mpango unaoitwa AGPO.

Uko wapi wewe?

Unamshonea mmoja, kila wiki, miaka sasa, na bado mnaelewana. Usianze kwa CMA. Anza daftari leo, omba karatasi ya bei na siku ya malipo, na zungumza kimya kimya na wenzako wanaopokea viroba vyake. Ukija kulazimika kudai ajira, ushahidi utakuwa umeshajaa.

Una wateja watatu au wanne na hakuna anayekuamrisha saa. Mkataba wa maandishi kwa kila mmoja, pamoja na NSSF yako binafsi. Kudai ajira kwa hali hii kutakupotezea muda.

Ni mjamzito na tajiri ameanza kukupunguzia kazi. Pima yale mambo saba, na kama una hata moja, nenda ukapate ushauri kabla hujajifungua, usingoje baada ya arobaini.

Shida yako ni bei, si malipo kuchelewa. Peke yako hutaiweza. Tafuta watu watano unaowaamini, mkae, mfanye ile hesabu ya saa kila mmoja kwa kazi yake, na mkubaliane bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Usajili unaweza kufuata.

Unadai kiasi kidogo, tajiri ni wa siku moja, na hutaki kumwona tena. Barua ya madai, nakala ya ujumbe wa simu, kisha mahakama ya mwanzo ikibidi.

Umeambiwa jana usirudi. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia tarehe ya jana, hesabu siku 30, zungushia na hiyo. Kisha nenda CMA ya mkoa wako na daftari lako wiki hii, hata kama tajiri amepiga simu jioni kusema mtaongea Jumatatu.